Flashi Mbili Nyeusi

Laptopu yangu ni Dell Latitude ya mtumba, i5 kizazi cha 6, RAM GB 8. Dada alininunulia Kariakoo nilipoingia mwaka wa kwanza. Kwa hiyo iliponiletea ujumbe kwamba haikidhi vigezo vya Windows 11, nilikasirika kana kwamba nimetukanwa mimi. Windows 10 ilikuwa imefikia ukomo wake tarehe 14 Oktoba 2025, na hiyo mpya inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za karibuni. Kwa Intel, karibu zote ni za kuanzia kizazi cha 8. Mashine nzima, inafungua Word, inapiga SPSS, inaonyesha muvi, ila kwenye orodha haimo.

"Oya, si utumie Rufus tu," akasema jamaa wa chumba cha jirani.

Rufus ni programu ndogo ya bure inayogeuza flashi kuwa ya kupigia Windows. Unaipa faili la ISO ulilopakua Microsoft (zaidi ya GB 5, bando langu la wiki likafia hapo), unabonyeza Start, nayo inakuuliza kama iondoe masharti ya RAM, Secure Boot na TPM. Unaweka tiki, basi. Kuna aliyenishauri niweke Linux. Nikaona ananichelewesha.

Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa mwangalifu. Nilinunua flashi mbili za GB 16 kwa machinga mmoja, nyeusi, zinafanana kama mapacha. Moja nikahamishia folda ya utafiti: mahojiano na walimu 9 wa shule niliyofanyia BTP. Nilikuwa nimeyaandika yote neno kwa neno, kisha nikafuta sauti kwenye simu ili nipate nafasi. Ile nyingine ilikuwa tupu.

Rufus ilinionya kwamba kila kilichomo kwenye flashi kitafutwa. Nikabonyeza OK. Nikazima, nikawasha, nikagonga F12, na ilipofika sehemu ya kuchagua diski nikafuta vigawanyo vyote kimoja kimoja, nikijiona fundi. Haikupita saa nzima, Windows 11 hiyo hapo. Nikaipiga picha nikaweka status.

Ndipo nikachomeka flashi ya pili. Tupu.

Nilichomoa, nikachomeka tena, nikajaribu tundu la upande wa pili. Fundi wa getini alihangaika nayo siku mbili akapata majina ya mafaili mawili, hakuna lililofunguka.

Nikaanza kuwapigia walimu. Nilishatunga uongo kwamba nimeibiwa, lakini mwalimu wa kwanza aliponiuliza, "Mwanangu, si nilishakueleza haya yote?" nikasema ukweli. Akacheka sana. Walimu 7 walikubali kurudia. Ila mara ya pili watu hujibu kwa mkato. Mwalimu huyohuyo, mara ya kwanza, tukiwa chini ya mwembe, alinieleza taratibu siku aliyoacha kusahihisha madaftari ya darasa lake la watoto 90, na alivyojisikia. Kwenye simu alisema tu, "Wanafunzi ni wengi." Hiyo ndiyo iliyomo kwenye utafiti wangu. Ile ya kwanza naikumbuka, lakini siwezi kuinukuu kwa kumbukumbu na kumwekea maneno mdomoni.

Laptopu inadunda. Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine za aina yangu, kwa hiyo kila mwezi naangalia. Hadi sasa yanaingia. Hosteli nzima imesikia, na watu wananiletea zao. Siwatozi. Nawaambia tu wafungue nakala ya kazi zao mbele yangu, faili moja baada ya jingine, na flashi nayopigia nimeipaka rangi ya kucha nyekundu. Juzi mmoja alinuna, akasema namfanya mtoto. Nikamwachia laptopu yake mezani mpaka alipokwenda kuleta flashi.