Meno ya Kahawia Si Uchafu

Juma hili tuzungumze juu ya jambo ambalo watoto wetu hawalisemi, ila wanalionyesha: wanaziba mdomo kwa mkono wanapocheka.

Hapa Yahuma tunao. Binti wa mwenzetu mmoja, mwenye miaka 14, akiitwa darasani asome kwa sauti, anasema koo linamuuma. Wenzake wamempa jina la kumcheka kwa sababu meno yake yana mistari ya kahawia. Nyumbani aliambiwa apige mswaki zaidi. Alipiga mpaka fizi zikatoka damu, na mistari ikabaki palepale.

Ilibaki kwa sababu si uchafu. Madoa ya chai, kahawa na tumbako yanakaa juu ya jino, na munganga wa meno anaweza kuyasafisha. Mengine yanaingia ndani wakati jino lingali linajengwa chini ya ufizi. Dawa ya tetrasiklini inafanya hivyo, mama akiimeza katika nusu ya pili ya mimba, au mtoto akipewa kabla hajatimiza miaka 8. Madini ya fluori yakizidi katika maji, nayo ni hivyo hivyo. Upande wa Goma, moshi wa volkano Nyiragongo unatia fluori katika maji ya mvua, na watoto wanaokua kwa maji hayo wanaota meno yenye madoa. Arusha, Tanzania, wapo wengi pia. Shirika la Afya Duniani linashauri fluori isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji.

Basi tusiwasugue watoto kwa ndimu, majivu wala makala ya kusaga. Ndimu inakula gamba gumu la nje la jino, makala inalikwaruza, na gamba hilo likiisha halioti tena. Jino linazidi kuwa manjano, na maji baridi yanaliuma. Dawa ya kung'arisha meno inawafaa watu wazima wengine, mbele ya munganga, lakini madoa ya ndani ni magumu kutoka. Si dawa ya mtoto, wala ya mama mwenye mimba.

Doa lenyewe mara nyingi halimuumi mtoto. Kinachouma ni moyo. Mtoto anayejificha kila siku anaanza kukaa peke yake, analala vibaya, anakataa masomo. Tusimkaripie juu ya meno yake mbele ya watu. Tumweleze doa lilitoka wapi, na kwamba hana kosa. Twende kwa mwalimu, tumwombe akomeshe majina hayo. Mtoto akisema amechoka kuishi, tumpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, tusimwache peke yake.

Kwenye mkutano wetu ujao, kila mama alete dawa alizo nazo nyumbani. Tutasoma majina yake pamoja, na tetrasiklini tutaiweka mbali na watoto na wenye mimba.