Mbao Ngapi

Kwetu Makambako, mtu akikuambia ana msitu, anamaanisha misindano. Anaweza kuwa na ekari tatu au mia moja, lakini anachosubiri ni kimoja tu: miti inenepe kiasi cha kuingia kwenye msumeno. Kutoka Makambako hadi Njombe ni kama kilomita 60, na njia nzima unaiona misindano, milingoti na miwati imesimama kwa mistari kama wanafunzi wa asubuhi. Siku hizi na parachichi zimeingia kwenye mashamba ya mahindi. Sidharau. Mimi nimesomeshwa na mbao. Ada yangu ya kidato cha kwanza ilikuwa kona ya shamba la mjomba.

Mjomba huyohuyo sasa anataka kukata kipande kingine, na hiki si cha misindano. Ni bonde la ekari mbili hivi, juu ya chemchemi tunakochota maji, lenye miti ambayo hakuna aliyeipanda. Babu hakuruhusu hata kuni ziokotwe pale. Aliingia kwa tambiko tu. Mjomba anataka kulifyeka apande milingoti. Mama akamwambia milingoti itakunywa chemchemi yote, tutabaki na ndoo. Mama ni dada yake mkubwa, kwa hiyo hakujibu. Alinyamaza kwa ile namna ambayo katika ukoo wetu ina maana kwamba mazungumzo hayajaisha.

Mwezi wa pili nilikuwa naenda Kitulo, nikamwomba tufuatane.

“Kuna nini huko?”

“Maua, mjomba.”

Akacheka sana.

“Na msitu.”

“Msitu ninao.”

Alikuja hata hivyo, nadhani kwa sababu ya gari. Tulipita Njombe, tukaingia Makete, tukapanda mpaka baridi ikatufunga vifungo vya makoti. Uwanda wa Kitulo uko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,600, katikati ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Wa utalii wakaongeza jina lao, Serengeti ya Maua, na mimi naona jina hilo linaiponza hifadhi. Mgeni anakuja na macho ya kutafuta simba, anakuta nyasi na ukungu. Kitulo haitazamwi kutoka dirishani. Unashuka, unatembea, unapiga magoti. Ndipo unaona kwamba ile nyasi ina okidi za zambarau, nyeupe, za rangi ya machungwa, nyingine ndogo kuliko ukucha. Aina za okidi pekee zinafika 45. Tangu 2005 ni hifadhi ya taifa, na ndiyo ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Miezi ya mvua, ile ambayo mbuga nyingine zinapoa, ndiyo msimu wake.

Mjomba alisimama na mikono mfukoni. Kilichomwinamisha ni neno moja la kijana aliyetuongoza: chikanda.

Chikanda alikuwa anaijua, ila kwa magunia. Enzi zake za kupeleka mbao Tunduma aliona viazi vidogo vikivushwa kwenda Zambia, ambako vinatwangwa, vinachanganywa na unga wa karanga, pilipili na magadi, vinapikwa mpaka vinashikana na kukatwa vipande kama nyama. Hakujua kwamba kile kiazi ni mguu wa ua. Vya kwao vilipopungua, wafanyabiashara wakavuka mpaka, na kwa miaka mingi viazi vilichimbwa kwenye nyanda hizi kwa mamilioni. Kijana akatueleza kwa vidole viwili, bila kuchimba: chini ya okidi kuna kiazi cha zamani, kilicholisha ua la mwaka huu, kimeshasinyaa; pembeni yake kuna kipya, kigumu, akiba ya ua la mwakani. Mchimbaji anachukua kile kigumu.

“Yaani wanauza mbegu,” mjomba alisema. Akachuchumaa, akaliangalia ua kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuangalia picha zangu za mahafali.

Kesho yake tuliingia msitu wa Livingstone, ambao nao umo ndani ya hifadhi. Hapo mjomba alikuwa nyumbani, kwa namna yake. Kila shina alilisoma kwa mbao. “Hii podo. Hii ingetoa mbili kwa sita ngapi, unadhani?” Nikabuni. Akanisahihisha. Lakini kadiri tulivyoshuka hesabu ilimshinda, maana mti mmoja ulikuwa umebeba mingine: kuvu, ndago za mawe, jani la feni, okidi nyingine zinazoning'inia juu bila kugusa udongo, mizizi ikinywa ukungu. Chini, mianzi. Akauliza kama inatoa ulanzi. Haitoi, ni mianzi mingine, na hilo lilimsikitisha kweli.

Kisha kukatoka sauti bondeni, nzito, nusu kubweka nusu honi ya lori. Kijana akainua mkono. “Kipunji.”

Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja nyani huyo miaka yote. Wasomi wakidhani labda ni mnyama wa hadithi. Mwaka 2003 watafiti wakamwona Mlima Rungwe. Muda si mrefu wengine, ambao hawakujua habari za Rungwe, wakamwona Ndundulu, huko Udzungwa. Akatangazwa 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake peke yake, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa nyani wa Afrika kwa miaka 83. Hesabu iliyofanywa baadaye ilipata kama 1,100 tu, na hawapo nje ya Tanzania.

Tulingoja saa nzima. Matawi yalitikisika, hatukuona hata mkia.

“Na wazungu wanalipa kwa hili?” mjomba aliuliza kwa kunong'ona.

“Wanalipa, mzee.”

“Wasimwone?”

“Wengi hawamwoni.”

Jioni, kwenye nyumba ya wageni Makete, alitoa lile daftari anamoandika oda za mbao. Akamwomba kijana amtajie miti, mmoja mmoja, naye akaandika kwa herufi kubwa.

“Podo inaota kwa mbegu?”

“Inaota. Polepole.”

“Miaka mingapi mpaka mbao?”

Kijana alitabasamu kwa adabu. “Wewe na mimi hatutaiona, mzee.”

Mjomba aliandika na hilo, akapiga mstari chini yake, akaagiza chai. Habari ya bonde hakuitaja, wala mama hajamuuliza. Milingoti aliyonunua bado iko kwenye viriba nyuma ya nyumba yake, na kila jioni anaimwagilia.