Reli ya ubao mmoja yafungua kinywa cha mzee

Msomaji mpenzi, ukisafiri kwa gari kutoka Nairobi kwenda Mombasa, kabla ya kufika Sultan Hamud utaiona milima ya Kilungu mkono wako wa kushoto. Chini ya milima hiyo ndiko ilikopita reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Nairobi mwaka wa 1899. Kuna stesheni huko iitwayo Kima. Wengi wanaijua kwa kisa kimoja tu: mwezi Juni mwaka wa 1900 simba aliingia usiku ndani ya behewa lililokuwa limesimama hapo, akamuua Charles Ryall, afisa wa polisi aliyekuwa amekuja kumwinda simba huyo huyo.

Leo sikusimulii habari za simba. Nataka tuzungumze juu ya kazi nyingine ya reli ambayo hakuna aliyeitungia hadithi, nayo ni kazi ya kupanga mabehewa. Aidha, nataka kukuonyesha jinsi unavyoweza kuileta kazi hiyo mezani pako kwa ubao mmoja na champali kuukuu.

Garimoshi la mizigo halitoki bandarini likiwa limejipanga lenyewe. Behewa la saruji huenda litaachwa njiani, la mahindi liendelee mbele, la mafuta liishie mwisho wa safari. Lazima kila moja liwekwe mahali pake ili likifika linakokwenda likatwe bila kusumbua mengine. Hapo ndipo huhitajika injini ya kuvuta na kusukuma, njia kadhaa za kando, na watu wanaotembea kwa miguu kati ya mabehewa wakishika bendera mchana na taa usiku.

Baba yangu alikuwa mmoja wa watu hao. Aliajiriwa mwaka wa 1972, wakati Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na shirika moja la reli. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977 aliendelea na kazi upande wa Kenya, hadi akastaafu mwaka wa 2004 na kurudi Kilungu kulima. Sisi watoto tulijua tu kwamba "baba yuko reli". Alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, akakaa siku mbili, akasema maneno machache na kuondoka. Ukimya wake niliuweka moyoni kama deni ambalo hakuwahi kunilipa.

Likizo moja ya Desemba mwanangu wa miaka 11, aliyechoshwa na simu iliyoishiwa chaji, alimuuliza, "Babu, wewe ndiye uliyekuwa ukiendesha treni?"

"La," mzee akajibu. "Mimi nilikuwa naipanga."

"Kuipanga vipi?"

Mzee alijaribu kueleza kwa maneno, akashindwa. Akachukua vijiti, akavilaza chini mbele ya jiko, navyo vikaviringika. Basi nikapendekeza tutengeneze reli yenyewe.

Sikuwa nimebuni jambo jipya. Uingereza, mtu aitwaye Alan Wright alitunga zamani fumbo la reli ndogo aliloliita Inglenook Sidings, lenye njia tatu na mabehewa manane. Marekani naye John Allen, aliyefariki mwaka wa 1973, alitunga jingine liitwalo Timesaver. Wenye uwezo hununua reli za umeme za dukani. Katika kipimo cha 1 kwa 87 kinachopendwa na wengi, reli yetu ya zamani, ambayo upana wake ni mita moja, inakuwa na upana wa milimita 11 na nusu tu. Kilungu hatuna duka la namna hiyo, lakini tuna misumari, msumeno na mikono. Na Mkamba na ubao, msomaji, si wageni.

Tulichukua ubao wenye urefu wa sentimita 120 na upana wa 30. Reli zetu si za chuma. Tulipigilia fito nyembamba mbili mbili, zikafanya mifereji ambayo behewa haliwezi kutoka. Upande wa kushoto kuna mifereji mitatu: mmoja mrefu wa kutosha mabehewa matano, na miwili mifupi ya mabehewa matatu kila mmoja. Upande wa kulia kuna mfereji mmoja, unaotosha injini na mabehewa matatu, basi. Katikati tuliweka kipande cha ubao chenye urefu wa sentimita 20, kilichoshikwa na msumari mmoja upande wa kulia, ili ncha yake ya kushoto iweze kusogezwa ielekee njia yoyote kati ya zile tatu.

Mabehewa tuliyachonga kwa mabaki ya mbao, kila moja sentimita nane, na magurudumu tukayakata kwenye champali iliyokatika. Mbele ya kila behewa kuna kulabu ya waya, na nyuma kuna pete. Mke wangu aliyapaka rangi, watoto wakaandika mizigo: saruji, mahindi, mafuta, magadi, chai, mbolea, chuma na embe. Embe hazikukosa, kwa maana tuko Makueni. Injini haina mota. Husukumwa kwa kidole, na kulabu hufunguliwa kwa kijiti.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Mabehewa matano huanzia njia ndefu, matatu njia fupi ya kwanza, na njia fupi ya pili huachwa tupu. Unaandika majina manane kwenye vikaratasi, unavikunja, na mtoto anachomoa vitano. Kazi yako ni kuyapanga mabehewa hayo matano kwenye njia ndefu, kwa utaratibu ule ule yaliochomolewa. Ni marufuku kuinua behewa kwa mkono.

Usiudharau! Piga hesabu: 8 mara 7 mara 6 mara 5 mara 4 ni 6,720. Hiyo ndiyo idadi ya mipangilio inayoweza kutokea. Ukitatua mmoja kila siku, utamaliza baada ya zaidi ya miaka 18.

Tuseme unalitaka saruji, nalo liko ndani kabisa ya njia fupi, nyuma ya mahindi na mafuta. Unayavuta yote matatu hadi kulia, unageuza kipande cha kati, unayasukuma kwenye njia iliyo tupu na kulikata saruji liachwe huko. Kisha unarudi na mawili yaliyobaki na kuyarejesha yalikotoka. Hatua nyingi kwa behewa moja! Mwanangu alitaka kuzijaza njia zote haraka, akakwama. Mzee akamwambia, "Kijana, usihesabu mabehewa. Hesabu nafasi." Kwa kweli ubao mzima una nafasi 11 za kuegesha na mabehewa manane. Zile nafasi tatu tupu ndizo zinazoifanya kazi iwezekane.

Lakini kulikuwa na sheria nyingine ambayo haimo katika fumbo la Wazungu hao. Mzee aliamuru wacheze wawili wawili: mmoja asukume injini, mwingine afungue kulabu na kutoa ishara kwa kitambaa. Kijani, nenda. Chekundu, simama. Kijiti kikiwa kati ya mabehewa, injini isitikisike hata kidogo.

Siku ya tatu mwanangu alisukuma injini huku kijiti cha dada yake kingali kwenye kulabu. Kilivunjika, watoto wakacheka. Mzee hakucheka. Aliweka kiganja juu ya injini, akanyamaza kitambo, kisha akasimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia maishani mwangu. Usiku mmoja wa mvua, katika yadi moja, mwenzake aliingia kati ya mabehewa mawili kuunganisha mpira wa breki. Taa moja ikaonekana vibaya, mabehewa yakasogea. Walikuwa wameajiriwa siku moja. Baba ndiye aliyetumwa kupeleka habari kwa mjane, na baada ya mazishi alirudi kazini zamu ya usiku, yadi ile ile.

"Tangu siku hiyo," alisema, "nilikuwa nikija nyumbani naogopa kusema sana. Mtu wa kazi yetu akizoea kuongea, anasahau kutazama."

Msomaji, deni nililokuwa nikilidai kwa miaka mingi lilifutika hapo hapo. Sikumjibu kitu. Nilikwenda kutafuta kijiti kingine.

Kazi ya namna hiyo inapungua. Tangu mwaka wa 2017 garimoshi la Madaraka Express linapita kasi kwenye reli mpya, na mizigo mingi sasa hujaa katika makontena, ambayo winchi huyainua na kuyashusha bila kuhitaji mtu wa kupanga behewa moja moja. Si jambo baya, kwani wachache watapondwa. Lakini ujuzi wa wale waliotembea na taa usiku haukuandikwa mahali pengi. Uko vichwani mwa wazee, na wazee hawangoji.

Kwa hivyo nakuomba ufanye mambo mawili. Kwanza, ukiwa na watoto Nairobi, wapeleke Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971. Humo wataliona behewa alimouawa Ryall, na pia yale majitu ya mvuke ya aina ya 59 yaliyotengenezwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock, kila moja likiwa na jina la mlima. Waulize: je, mabehewa yaliyovutwa na jitu hili yalipangwa na nani?

Pili, kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyefanya kazi ya mikono, iwe bandarini, kiwandani au katika karakana, usimwambie tu "tupe hadithi". Wengi hawana hadithi, wana kazi. Mtafutie ubao, msumeno na misumari, umwombe akuonyeshe ilivyofanywa. Mikono ikianza kukumbuka, kinywa hufuata.

Na ukianza na mabehewa manane, usisahau kuacha nafasi tatu tupu.