Kuvunjika kwa Koleo

Wahenga waliposema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, sidhani walikuwa wakifikiria gitaa. Mimi, mpenzi msomaji, methali hiyo niliielewa muhula wa pili mwaka jana, na aliyenifunza hakuwa mwalimu wa Fasihi bali bendi moja ya Waingereza iitwayo Keane.

Wacha nianzie mwanzo. Katika kikundi cha nyimbo cha Chama chetu cha Kiswahili tulikuwa wanne. Msichana wa darasa letu aliimba, mvulana wa kidato cha kwanza alipiga ngoma, mimi nilipiga kinanda cha kuazima kanisani, na mwenzetu wa nne alipiga gitaa. Huyo wa nne ndiye aliyekuwa bendi yenyewe. Watu walikuja kumwona yeye. Kinanda changu kilikuwa kama chumvi kwenye ugali: ikikosekana hakuna anayeuliza.

Jumatatu moja kiti chake kilibaki kitupu. Jumanne, vilevile. Sisi wa shule ya kutwa tunajua maana ya kiti kitupu. Baadaye tulisikia kwamba karo imeshindikana kwao, naye ameingia jua kali, anachomelea milango na madirisha. Siku ya Chama ilikuwa imebakisha wiki tatu tu.

"Sasa tutafanyaje?" mwimbaji wetu akauliza.

"Tufunge duka," nikajibu.

Nakiri mbele yenu nyote: mimi ndiye niliyetaka tuache.

Jioni nilipitia kwa mjomba, ambaye hutengeneza redio na simu karibu na stendi ya matatu. Aliponiona nimevimba uso kama andazi, aliniuliza kulikoni. Nikamweleza. Akacheka.

"Kwani gitaa ndiyo bendi?" Akachomoa CD kuukuu kwenye droo, akaitia kwenye redio. "Sikiza hii, halafu uniambie gitaa liko wapi."

Ilikuwa albamu ya Keane ya mwaka wa 2004, Hopes and Fears. Nilitega masikio kama paka aliyesikia panya darini. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Gitaa sikulipata ng'o!

Mjomba akanipa historia yao. Vijana hao wanatoka Battle, mji mdogo wa Sussex Mashariki, kusini mwa Uingereza. Tom Chaplin ndiye mwimbaji. Tim Rice-Oxley hupiga piano na ndiye mtungaji mkuu. Richard Hughes hupiga ngoma. Chaplin na Rice-Oxley ni marafiki tangu utotoni. Zamani walikuwa wanne, pamoja na mpiga gitaa Dominic Scott, lakini mwaka wa 2001 Scott akaondoka. Wangeweza kumtafuta mwingine. Hawakumtafuta. Kazi ya gitaa wakaipa piano.

Basi nikaanza kusikiza hiyo piano kwa makini. Katika "Somewhere Only We Know", Rice-Oxley hagusi vibonye kwa madaha kama mtu anayepiga wimbo wa arusi. Anavigonga kwa mapigo sawa, tena na tena, kama mgeni abishaye hodi ambaye amekataa kuondoka. Mkono unafanya kazi ya kinanda na ya ngoma kwa wakati mmoja. Jukwaani alijulikana kwa kutumia piano ya umeme, Yamaha CP70. Ndani yake mna nyuzi na vinyundo kama piano ya kawaida, lakini sauti ya nyuzi hunaswa kwa umeme, jinsi inavyofanyika kwa gitaa la umeme. Ndiyo maana mlio wake ni mkali kuliko ule wa piano ya kanisani. Katika albamu yao ya 2006, Under the Iron Sea, aliupitisha mlio huo katika mitambo ya kuukwaruza hadi piano ikanguruma. Ukisikia "Is It Any Wonder?" utaapa kwamba ni gitaa. Hapana, ni piano!

Na besi je? Miaka ya mwanzo besi yao ilirekodiwa mapema, kisha ikachezwa na kompyuta jukwaani. Baadaye alikuja Jesse Quin, akawa mwanachama kamili mwaka wa 2011. Mwaka wa 2010 walirekodi pamoja na K'naan, mwimbaji mzaliwa wa Mogadishu, jirani zetu hapa. Ile albamu isiyo na gitaa ilifika nambari moja Uingereza, na mwaka wa 2005 ikatwaa tuzo ya Brit ya albamu bora ya nchi hiyo.

Kesho yake niliwaambia wenzangu, "Hatufungi duka."

Kompyuta ya kutupigia besi hatukuwa nayo, kwa hivyo mkono wangu wa kushoto ukawa ndiyo besi. Wa kulia ukabisha hodi kama wa Rice-Oxley. Wiki ya kwanza vidole viliniuma hata kushika kalamu ikawa taabu. Mpiga ngoma alijifunza kupunguza kelele. Mwimbaji wetu akasema kitu ambacho sijakisahau: "Leo ndiyo mara ya kwanza najisikia nikiimba." Kumbe gitaa lilikuwa limemfunika! Hata Chaplin, nadhani, sauti yake ya juu inasikika wazi hivyo kwa sababu imeachiwa nafasi.

Siku ya Chama ilifika. Tulipiga nyimbo mbili, ukumbi ukalipuka kwa makofi na vigelegele. Nilitoka nje nikiwa nimejaa kichwa. Hapo langoni nikamkuta mwenzetu wa gitaa, ovaroli imetoboka kwa cheche.

"Mmepiga poa sana," akasema. "Pengo langu hata sikulisikia."

Alinisifu, najua. Lakini alipomaliza kusema alivitazama vidole vyake, vyenye alama za moto. Mimi nikakosa la kusema. Kwa wiki tatu nilikuwa nimejivunia kuliziba pengo, nisifikirie hata siku moja kwamba pengo lile lilikuwa mtu.

Jumamosi iliyofuata nilimweleza mjomba. Akaniambia kwamba Keane walitoa nyimbo kabla ya kupata umaarufu, mwaka wa 2000 na 2001, na gitaa la Scott limo humo mpaka leo. Aliyeondoka hakufutwa.

Nikaenda kule jua kali, nikamngoja hadi saa ya chakula. Nilimwomba atutungie sauti ya wimbo wa mwaka huu. Alinyamaza, akasema, "Nileteeni maneno." Siku hizi tunakutana kwake Jumapili alasiri. Yeye na gitaa, mimi na kinanda, na hakuna anayemfunika mwenzake.

Lakini shuleni hajarudi. Gitaa lilipokosekana tulipata dawa. Karo haina dawa ya kinanda. Chama kimeanza mchango. Msomaji, mweka hazina akikufikia darasani na daftari lake, usimkimbie. Haba na haba hujaza kibaba. Na koleo likivunjika, uhunzi huendelea, sawa, lakini koleo lenyewe nalo ni chuma, na chuma, kama mwenzetu anavyojua kutuliko sote, huchomelewa.