Intaneti Haikatiki Ovyo, Ina Saa Zake

Wasee, kuna neno moja naomba tulipumzishe: "ovyo ovyo." Intaneti inakatika ovyo ovyo. TV inajitoa kwenye mtandao ovyo ovyo. Kila nikiposti kitu kuhusu kompyuta, meseji za namna hii hazikosi, na nyingi zinaishia na swali lile lile: nihamie kampuni gani?

Maoni yangu ni kwamba hakuna kifaa kinachokatika ovyo, hasa kilichounganishwa kwa waya. Waifai sawa, inaweza kusumbuliwa na ukuta au mitambo ya majirani kumi. Lakini waya ina njia moja tu. Inatoka kwa ruta, pengine inapitia swichi ya mtandao, inaingia kwa kompyuta. Ukiifuata hiyo njia polepole, shida haina pa kujificha. Kinachotushinda ni kwamba hatuandiki ilitokea saa ngapi.

Nitawapa mfano wa kwetu, Githurai. Dadangu anafanya kazi ya kujibu simu za wateja akiwa nyumbani, zamu ya jioni. Kompyuta yake iko kwa waya kwa sababu kazini walisema hawataki waifai. Miezi miwili mfululizo, simu zikawa zinamkatikia katikati ya mteja. Dakika moja, mbili, halafu inarudi. Msimamizi wake akamwandikia onyo, na onyo la pili lingekuwa la mwisho. Baba akaamua tuhame kampuni ya intaneti, tulipie usakinishaji upya. Nyumbani kulikuwa na joto, bana.

Nikawaomba siku sita kwanza. Nikabandika karatasi kando ya kompyuta yake: kila ikikatika, andika saa, na uangalie kama simu yako bado iko kwa intaneti kupitia waifai.

Siku ya sita karatasi ilikuwa na mistari tisa. Mara zote tisa, waifai ilikuwa sawa. Hapo kampuni ikatoka kwenye orodha ya washukiwa, kwa sababu waifai na waya zote zinatumia laini ile ile inayoingia nyumbani. TV ya sebuleni, ambayo pia iko kwa waya, ilikuwa inapotea pamoja na kompyuta. Vitu viwili vya waya kupotea pamoja, na waifai imebaki? Angalia mahali vinapokutana. Vyetu vinakutana kwa swichi ya mtandao, kale kaboksi kenye matundu matano nyuma ya TV.

Halafu zile saa. Jumatatu saa 1:35 usiku. Jumanne saa 2:20. Jumatano saa 1:10. Ukizitazama hivyo hazina mpango. Mama ndiye aliyesoma karatasi akacheka: "Hizi si ni saa za baba yenu kuoga?"

Kumbe! Baba akifika kutoka kazini anaingia bafuni moja kwa moja, na saa ya kufika inategemea jamu ya Thika Road. Shawa yetu ni ile ya umeme ya kupasha maji papo hapo. Shawa kama hizo nyingi hula kilowati 5 na zaidi. Kwa volti 240, hiyo ni zaidi ya ampia 20 kwa mpigo. Ikiwaka, taa za nyumba zinafifia kidogo. Ruta haisikii kitu kwa sababu iko kwenye kabetri ka dharura ka stima ikipotea. Swichi nayo ilikuwa kwa ekstensheni, na adapta yake imezeeka. Adapta nzuri huvumilia stima ikishuka kwa muda mfupi. Kapasita zake zikichoka, uvumilivu unaisha, swichi inazima na kujiwasha upya.

Hatukuishia kwa kushuku. Ndugu yangu mdogo alienda kuwasha shawa, mimi nikakaa nyuma ya TV. Tulijaribu mara nne. Mara tatu taa zote za swichi zilizima pamoja zikarudi. Nikanunua adapta nyingine Luthuli Avenue kwa shilingi 350. Tukajaribu tena mara kumi, haikuzima hata mara moja. Dadangu bado ana kazi yake, na hatukuhama kampuni.

Kwenu huenda si shawa. Lakini zile taa ndogo kwenye swichi au ruta zitakuambia mengi, ukiziangalia wakati shida inatokea. Taa zote zikizima pamoja, shuku stima: adapta, soketi au ekstensheni. Ikizima taa ya tundu moja tu, shuku waya hiyo, plagi yake au tundu lenyewe. Ihamishie tundu lingine, kisha jaribu waya nyingine. Taa ikibaki inawaka na bado hakuna intaneti, shida iko mbele zaidi: ruta, laini ya kampuni, au vifaa viwili vimepewa anwani moja ya IP vikawa vinanyang'anyana.

Kwa hali hiyo ya mwisho, fungua madirisha mawili ya amri kwenye kompyuta. Moja iandikie ping -t na anwani ya ruta yako, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Nyingine iandikie ping -t 8.8.8.8. Ruta ikijibu na 8.8.8.8 ikanyamaza, kuna uwezekano mkubwa shida iko nje ya nyumba. Ruta ikinyamaza, anza na vitu vya ndani.

Na ukiona kasi ya waya imeshuka kutoka gigabiti 1 hadi megabiti 100, kagua hiyo waya. Ndani yake kuna nyuzi nane, jozi nne. Gigabiti inataka jozi zote nne. Megabiti 100 inatosheka na mbili. Uzi mmoja ukikatika chini ya mlango au mguu wa kochi, kifaa kinaweza kuendelea kwa kuchechemea.

Ukinunua adapta, volti ziwe zile zile zilizoandikwa kwenye ile ya zamani, ampia ziwe sawa au zaidi, na ncha iingie vizuri ikiwa na mpangilio ule ule wa chanya na hasi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha vitatu kwa siku moja, hutajua ni kipi kilikuwa kinakusumbua.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa, na watu hudhani mambo haya yanataka digrii. Hii ilitaka kalamu, karatasi, na mtu mvumilivu wa kukaa nyuma ya TV akitazama taa. Hata ikibidi upigie kampuni simu, piga ukiwa na siku na saa zako zimeandikwa. "Inakatika ovyo" utajibiwa zima ruta uwashe. "Imekatika mara tisa, ruta inajibu lakini 8.8.8.8 haijibu, na saa ni hizi" ni jambo ambalo fundi anaweza kulifanyia kazi.