Nge na Ngali Barazani Ijuganyondo

Msimu wa senene uliopita, hapa Ijuganyondo katika Manispaa ya Bukoba, nilikaa jioni sita mfululizo kwenye baraza ya jirani yangu nikisikiliza kisa cha msichana anayerudi nyuma katika wakati. Nilikwenda kwa ajili ya senene, si kwa ajili ya kisa. Lakini yaliyotokea jioni ya sita yanaihusu kazi yetu sisi watunga mashairi, na ndiyo maana nayaleta mbele ya wasomaji wa visiwani, ambao senene hawawajui ila bahari wanaijua.

Senene ni panzi wanaotujia na mvua za Novemba. Usiku huzifuata taa, na wakishakamatwa hapana budi wanyonyolewe mbawa na miguu, mmoja mmoja, kabla ya kutiwa chunguni. Ni kazi ya vidole. Masikio hubaki bure, na watu wenye masikio ya bure hawakosi kutafuta hadithi. Wazee wetu walikuwa na mpiga enanga, akighani habari za wafalme na za Mugasha, bwana wa ziwa na dhoruba. Sisi tulikuwa na spika ndogo inayopokea kadi ya simu, mali ya kijana mmoja fundi wa simu, ambaye alikuwa amepakua mchezo wa redio wa Sauti ya Ujerumani uitwao Mission Berlin.

Idhaa ya Kiswahili ya Sauti ya Ujerumani inasikika tangu mwaka 1963, na wengi wetu tuliizoea kwa habari. Mchezo huu ulitungwa kwa ajili ya kufundisha Kijerumani, lakini mtungaji wake aliuvisha joho la hekaya za kisayansi. Una sehemu 26, kila moja ya dakika tano, na msichana Anna amepewa dakika 130 za kuiokoa Ujerumani. Anazinduka hotelini mjini Berlin mwaka 2006, hakumbuki kitu. Ana kisanduku cha muziki, ana maadui wanaoongozwa na mwanamke mwenye mavazi mekundu, na upo mtambo wa kumvusha wakati: mara yuko 1961, mwaka ulipojengwa ukuta, mara yuko tarehe 9 Novemba 1989, usiku ulipofunguliwa. Maadui zake wanataka kuifuta historia. Kazi yake yeye ni kuilinda.

Barazani tulikuwa watano. Fundi wa simu, mwenye kisa. Binti fundi cherehani, mwenye ulimi. Mwalimu mstaafu wa hesabu. Bibi, mwenye nyumba na mwenye senene. Na mimi, ambaye hapa mtaani huitwa Malenga, kwa heshima siku za harusi na kwa kejeli siku nyingine. Elimu yangu ya darasani iliishia la saba. Kiswahili changu nilikiokota redioni na katika kamusi iliyochanika jalada, na tafsiri nilijifunza kwa kukosea. Kwa hiyo mchezo wa redio kwangu ni kama madrasa niliyosomea; naupenda hata ukiwa mbaya.

Kila sehemu ilipokwisha, fundi aliinyamazisha spika na watu wakatoa maoni. Yeye mwenyewe aliusifu mlio wa mtambo wa wakati, akaurudia mara tatu hadi Bibi akamwambia senene wanaoza. Binti wa cherehani alilalamika: "Kila Anna anapokaribia kukamatwa, wanasimama kutufundisha namna ya kuuliza njia. Atoroke kwanza, Kijerumani kitamsubiri." Mwalimu lake lilikuwa jingine. Mchezo huo umejengwa kwa mfano wa michezo ya kompyuta, ambamo mchezaji huhesabiwa roho zilizobaki. "Mtu mwenye roho ya akiba," alisema, "hawezi kunitia hofu."

Jioni ya pili walibishana kama hekaya za namna hii zina faida yoyote. Mwalimu alikumbusha Twende na Wakati, mchezo ulioanza Redio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1993, na Mkwaju wake, dereva wa lori asiyetulia. Enzi zile Mkwaju alijadiliwa kama jirani. Wanawake walimlaani, wanaume walitaniana kwa jina lake, na katikati ya mzaha huo watu wakajifunza kuyaogopa maradhi na kupanga uzazi. "Mchezo ule ulitusogeza kesho," alisema Mwalimu. "Huu unatupeleka jana. Jana kuna kazi gani?"

Nilijaribu kuutetea. Niliwaambia kwamba sauti na Wajerumani si wageni Bukoba: mwezi Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa kutoka Kisumu na kuuvamia mji huu, shabaha yao kubwa ikiwa ni kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani, wakakibomoa. Sasa sauti ya Berlin imerudi tena, imebeba hadithi badala ya amri za vita, na inazungumza Kiswahili. Binti akaniuliza kama hilo ni hoja au ni shairi. Sikuwa na jibu.

Mwalimu, ambaye husoma kuliko anavyokiri, akatupeleka mbali zaidi. Mnamo Oktoba 1938 Orson Welles aliigiza katika redio ya Marekani kisa cha viumbe wa Mirihi kuishambulia dunia, nao baadhi ya wasikilizaji wakadhani ni habari za kweli, ijapokuwa magazeti yaliikuza hofu ile kupita kiasi. Balaa lenyewe lilikuwa Quito, nchini Ekuado, Februari 1949. Huko redio ilikitangaza kisa hichohicho kwa mtindo wa taarifa ya habari, na wasikilizaji walipotambua kwamba wamechezewa, walilichoma moto jengo la gazeti lililokuwa na redio hiyo, watu kadhaa wakafa. "Nayo yale yalikuwa maoni ya wasikilizaji," alimalizia Mwalimu. Tulicheka. Bibi hakucheka. Kwa jioni tano hakutoa maoni yoyote, na sisi, kwa ujinga wetu, tulidhani hasikilizi.

Jioni ya sita mvua ilipiga bati hata tukalazimika kuinamia spika. Ilipopungua, Bibi aliweka ungo chini.

"Huyu binti," alisema, "amefunguliwa mlango wa kurudi nyuma. Mbona kazi yake ni kuilinda jana isiguswe? Kwa nini hairekebishi?"

Fundi wa simu alifurahi kuulizwa. Akaeleza, kwa adabu, kwamba katika visa hivi ukigusa jambo moja la zamani yote yaliyofuata hubadilika. "Ukirudi, Bibi, ukahamisha jiwe, pengine mimi nisizaliwe."

"Mimi nisingegusa mengi," Bibi akasema. "Ningemfichia viatu."

Hakuna aliyeuliza viatu vya nani. Katika mji huu mtu aliyekwisha kuwa na akili zake mwaka 1996 hahitaji kuuliza. Meli ya MV Bukoba iliondoka hapa jioni ya tarehe 20 Mei, ikapitia Kemondo, na asubuhi ya tarehe 21, ikiwa imekaribia Mwanza, ikapinduka. Ilikuwa na nafasi ya abiria 430. Waliokufa walizidi mia nane, na wako wanaosema walikaribia elfu. Kwa muda chombo kilielea kifudifudi, na ndani yake walikuwamo watu hai wakigonga bati. Kilipotobolewa ili waokolewe, hewa ikatoka, kikazama. Mwana wa Bibi alikuwa safarini kwenda Mwanza kutafuta kazi.

"Vilikuwa vimelowa," aliendelea Bibi. "Alisema atasafiri wiki ijayo, vikauke. Mimi ndiye niliyevikausha mekoni, nikavipaka rangi, nikamwambia nenda."

Tuliishi nyua mbili zinazopakana kwa karibu miaka thelathini, na habari ya viatu nilikuwa sijaisikia. Mwalimu aliinua kichwa. Mwalimu huyu ambaye jioni ya pili aliuliza jana kuna kazi gani, alisema polepole: "Mimi ningaliwahi pale kabla hawajatoboa." Kisha akanyamaza, nasi tukajua kwamba naye alikuwa na mtu wake. Fundi wa simu na binti wa cherehani, waliozaliwa baada ya msiba, walitazama mikono yao. Spika ilikuwa imezimwa, na hakuna aliyeikumbuka.

Wenzangu wa visiwani, nanyi mna tarehe zenu. Mna 10 Septemba 2011, Spice Islander ilipozama Nungwi ikielekea Pemba. Mna 18 Julai 2012, siku ya MV Skagit. Kwa hiyo sina haja ya kuwaeleza ukimya wa baraza ile. Ninalotaka kuwaeleza ni jambo dogo la sarufi, maana usiku ule, nikiwa kitandani, sikuweza kulala kwa ajili yake.

Walimu wa sarufi hutufundisha kutenganisha -nge- na -ngali-. Ya kwanza ni ya jambo ambalo mlango wake bado uko wazi, walau kwa ufa: ningekuwa na fedha ningenunua. Ya pili ni ya jambo lililokwisha kupita na kufungwa: ningalijua nisingalikwenda. Katika mazungumzo ya kila siku wengi huzichanganya, nami kama mfasiri nimekuwa mlinzi mkali wa mpaka huo. Nimewasahihisha vijana, hata wakubwa zangu. Mwalimu alisema ningaliwahi, na alikuwa sahihi. Bibi alisema ningemfichia, nami, Mola anisamehe, hata katika saa ile mdomo wangu wa ndani ulimsahihisha: ningalimfichia.

Kisha nikaona kwamba mwenye kosa ni mimi. Mama yule hakukosea kiambishi. Kwa miaka yote hiyo mlango ule kwake haujafungwa. Kila jioni ya Mei viatu viko mekoni, na angali na nafasi ya kuviweka juu ya dari. Hekaya ya Wajerumani, pamoja na masomo yake ya kuuliza njia na roho zake za akiba, ilifanya jambo moja ambalo sisi wa barazani hatukuwahi kulifanya: ilimwuliza, bila kumkusudia, kama angepewa safari moja ya kurudi angefanya nini. Nadhani hiyo ndiyo nguvu ya hekaya za kisayansi zinaposikilizwa pamoja. Mtambo ni kisingizio. Mtu mzima haoni haya kusema matamanio yasiyowezekana ikiwa mazungumzo ni juu ya mtambo. Bila mtambo huo, ataambiwa anakufuru.

Nalo hilo la kukufuru ndilo linalonichoma. Mwaka 1996 nilikuwa kijana anayetaka jina. Katika matanga ya nyumba ile nilisoma utenzi wangu wa beti arobaini, kila beti ikirudi kwenye usemi wetu wa siku zote, kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Waombolezaji walilia, na vina vyangu vilisifiwa. Bibi, ambaye wakati ule hakuwa bibi, alinishukuru kwa heshima kubwa. Sasa najua alikuwa amekaa pale na viatu moyoni, na utenzi wangu ulikuwa umemfunga kinywa. Nani angethubutu kutaja viatu baada ya beti arobaini za namna ile? Nilimpa faraja yenye vina. Nafasi ya kusema sikumpa. Sisemi kwamba usemi ule si kweli. Nasema nilimtangulia kuusema, na ulikuwa wake kuusema, kwa wakati wake, au kutousema.

Jioni ya saba tulimaliza mchezo. Anna aliikamilisha kazi yake, na maoni yakarudi kama kawaida: binti aliona mwisho umeharakishwa, fundi alitaka kuurudia tangu mwanzo. Bibi alisema sauti za waigizaji ni nzuri, akauliza kama katika kadi ile kuna kisa kingine cha watu wanaorudi. Fundi aliahidi kutafuta. Nilipoaga, nilimwomba Bibi ruhusa ya kuyaandika haya. Akasema niandike, ila jina lake nisilitaje, na la mwanawe pia, "maana yeye hapendi kutajwatajwa." Alisema hivyo hasa: hapendi.

Juzi nimeutoa ule utenzi wangu kutoka sandukuni. Karatasi zimegeuka rangi, lakini vina vimekaa sawa, na mizani haijapungua hata silabi moja. Nimezipitia beti zote arobaini kwa kidole, taratibu, kama mtu anyonyoaye senene. Hamna nge humo. Hamna hata ngali.