Mtoto wa Kasuku na Udaktari wa Marekani

Kwetu Kindu, mji wa Maniema huko Kongo, kuna imani kwamba mtu akishapata pasi ya Kanada, Amerika yote imekuwa yake. Ukitazama ramani huwezi kuwalaumu wanaoamini hivyo. Nchi mbili zimepakana, zote zinahesabu kwa dola, na wapo watu wanaovuka mpaka asubuhi kwenda kununua vitu na jioni wako nyumbani. Kwa hiyo mpwa wangu alipotangaza kwamba anaomba nafasi katika vyuo vya udaktari vya Marekani, mama yangu alinipigia kutoka Kasuku, mtaa wetu wa Kindu, akiwa na swali moja: "Papa, kwani huko Kanada hawafundishi udaktari?"

Mpwa huyo ni binti wa dada yangu. Alizaliwa Kasuku, akaletwa Gatineau, Quebec, angali mdogo, akapata uraia wa Kanada pamoja na wazazi wake. Nyumbani anasema Kiswahili chetu cha Maniema, shuleni amesoma kwa Kifaransa, na digrii ya kwanza ameisomea ng'ambo ya mto, Ottawa. Swali la bibi yake lilikuwa la haki, na nilimjibu kwa urefu kwa sababu najua si yeye peke yake anayejiuliza.

Kanada wanafundisha udaktari, tena vizuri sana. Kinachokosekana ni viti. Tangu 2005 nchi nzima ilikuwa na vyuo 17 vya udaktari, na ilikuwa lazima tusubiri hadi Septemba 2025 ndipo kingine kikafungua milango, Brampton, karibu na Toronto. Nafasi za mwaka wa kwanza ni kama 3,000 kwa nchi yenye watu zaidi ya milioni 40. Halafu kila jimbo linawatanguliza watoto wake. Quebec hufanya hivyo tangu zamani, na Ontario ilitangaza Oktoba 2024 kwamba kuanzia 2026 asilimia 95 ya viti vyake viende kwa wakazi wa Ontario. Kijana mwenye maksi nzuri kabisa anaweza kuomba mwaka huu, na wa pili, na wa tatu, na bado akakaa nje. Si kwamba hafai.

Kwa watu wa Kindu jambo hili ni gumu kulielewa, kwa kuwa kwetu njia ni nyingine. Kijana akifaulu Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, anaweza kuingia kitivo cha udaktari moja kwa moja, iwe Kindu, Kisangani au Lubumbashi, na vita yake ni kubaki ndani mwaka hadi mwaka. Huku Amerika ya Kaskazini vita ni mlangoni. Kwa kawaida ni kwanza digrii, kisha maombi, kisha miaka minne ya udaktari, kisha miaka miwili hadi saba ya mafunzo hospitalini. (Quebec ina njia ya mkato kidogo kwa wanaotoka sejepu, yaani chuo cha baada ya sekondari.) Shangazi zake wa Kasuku humuuliza kila Idi kama bado anasoma. Anasoma, na ataendelea kusoma.

Sasa tuvuke kwenda Marekani. Kule kuna zaidi ya vyuo 150 vinavyotoa digrii ya MD. Maombi ya vingi kati ya hivyo hupitia mfumo mmoja uitwao AMCAS, unaofunguliwa mwezi Mei kwa ajili ya masomo yatakayoanza mwaka unaofuata. Kuna mtihani wa MCAT, siku nzima ya karibu saa saba na nusu, alama kutoka 472 hadi 528, na kwa Kiingereza tu. Mpwa wangu alikuwa na biokemia yote kichwani kwa Kifaransa. Kilichomsumbua ni sehemu ya kusoma makala ndefu za falsafa na sanaa na kujibu maswali yake huku saa inakimbia. Miezi mingi nilimkuta kwenye meza ya jikoni ya mama yake, saa ya simu mbele yake, akisoma Kiingereza kwa sauti ya chini, midomo ikicheza kama mwanafunzi wa madrasa. Chuo Kikuu cha Ottawa, kule kwao kabisa, hakidai MCAT. Vyuo vya Quebec navyo havimdai mwenye digrii ya Kanada kama yeye. Alijitesa kwa ajili ya Marekani peke yake.

Halafu ikaja fomu. Kuna mahali inauliza uraia. Yeye akachagua Kanada, kwa fahari, kwa sababu ndio ukweli wake. Baada ya hapo tukakaa naye kupitia orodha ya vyuo, kimoja baada ya kingine, kuona nani anapokea Wakanada. Vyuo vingi vya serikali za majimbo huchukua raia na wakazi wa kudumu wa Marekani tu, na kati ya hao hupendelea wa jimbo lao, kwa kuwa vinaendeshwa kwa kodi ya jimbo hilo. Vyuo kadhaa, hasa vya binafsi, humtazama Mkanada sawasawa na Mmarekani wa jimbo jingine. Vingine humweka kundi moja na wageni wote wa dunia. Vingine havimtaki kabisa. Ile orodha ndefu ilipofika chini ilikuwa imebaki fupi, na ni afadhali ilivyofupishwa mezani kwetu kuliko kufupishwa na barua za kukataliwa baada ya kulipa ada.

Ada zenyewe ni hivi. AMCAS hudai zaidi ya dola 170 kwa chuo cha kwanza na zaidi ya 40 kwa kila kinachofuata. Mtu akiomba vyuo 15, karibu dola 800 zimekwenda. Baadaye kila chuo humtumia maswali yake ya pili, na vingi hudai karibu dola 100 nyingine. MCAT peke yake ni zaidi ya 300. Na hizo ni dola za Marekani, ambazo sisi tunazinunua kwa dola dhaifu zaidi za Kanada. Upo mpango wa kuwapunguzia ada waombaji wasio na uwezo, lakini ni kwa raia wa Marekani, wakazi wa kudumu, na waliopewa hadhi ya ukimbizi kule, pamoja na makundi machache mengine. Mkanada hayumo.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo ndugu zangu wa Kindu hawajalisikia popote. Chukua watoto wawili wa ukoo mmoja. Mmoja familia yake ilipelekwa Marekani kama wakimbizi, kama Wakongo maelfu waliotoka katika makambi ya Tanzania, Uganda na Burundi. Mwingine ni wetu, raia wa Kanada, mwenye pasi inayoheshimiwa kila uwanja wa ndege. Kwenye mlango wa chuo cha udaktari cha Marekani, yule mkimbizi yuko mbele. Akiwa hana uwezo anaweza kupunguziwa ada, anaweza kukopa mkopo wa serikali kuu, na akishakuwa mkazi wa kudumu anaweza kuomba chuo cha jimbo lake. Raia wa Kanada hapati hata kimoja katika hivyo vitatu. Ni mgeni, ingawa ni mgeni asiyegongewa viza. Atafika mpakani na fomu ya chuo iitwayo I-20 na risiti ya ada ya dola 350, ataingia. Kuingia nchini si tatizo lake. Tatizo ni nani atalipa.

Chuo cha binafsi hudai zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka kwa masomo, na ukiweka pango, chakula na bima unakaribia 100,000. Mara nne. Vipo vyuo vinavyomtaka mwanafunzi wa kigeni aonyeshe fedha ya mwaka mzima, hata ya miaka yote minne, kabla hajakaa darasani. Benki za Kanada hukopesha wanafunzi wa udaktari, ila kwa masomo ya nje ya nchi mara nyingi zitataka mtu mzima aweke sahihi pamoja naye. Dada yangu anahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Sahihi yake ndiyo mshahara wake na nyumba anayolipia.

Habari zikafika Kasuku. Wazee wakakaa, wakapendekeza tuuze parseli (kiwanja) ya familia, ile ambayo baba aliinunua alipokuwa akifanya kazi ya reli. Nilikataa, na ningekataa tena. Bei yake isingelipa hata muhula mmoja, na watu wanaoishi juu yake wangebaki bila pa kukaa kwa ajili ya barua ya chuo ambayo haijaja. Ndugu wa nyumbani wanaposema wako tayari kujinyima, sisi wa huku tuna wajibu wa kuwaambia hesabu kamili badala ya kupokea tu sadaka yao.

Simwambii mtoto asijaribu. Njia hii ina faida moja kubwa, nayo ni leseni. Anayehitimu MD katika chuo cha Marekani kilichoidhinishwa anaweza kurudi Kanada na kugombea mafunzo ya hospitali kupitia CaRMS, mfumo wa Kanada, pamoja na waliosomea hapa. Daktari aliyesomea Lubumbashi au Kinshasa, hata awe na miaka 10 ya kupasua watu, kwa kawaida hawekwi katika foleni hiyo. Akiamua kubaki Marekani kwa mafunzo, kwa kawaida atachukua viza ya J-1, atahitaji barua kutoka Wizara ya Afya ya Kanada, na akimaliza atatakiwa kurudi Kanada miaka miwili isipokuwa apate msamaha. Haya ndiyo ya kuuliza kabla ya jina la chuo: nikihitimu nitaruhusiwa kutibu wapi, na deni litakuwa la nani.

Dikembe Mutombo, nyota wetu wa kikapu, aliwahi kusimama kwenye mlango huu. Alifika Georgetown mwaka 1987 kwa msaada wa masomo wa serikali ya Marekani, akiwa na nia ya kuwa daktari. Mpira wa kikapu ukambeba, akahitimu katika lugha na diplomasia. Mama yake alifariki Kinshasa wakati wa machafuko, akishindwa kufikishwa hospitali. Mutombo akajenga hospitali yenye jina la mama huyo, Biamba Marie, ambayo ilianza kupokea wagonjwa mwaka 2007. Alifariki Septemba 2024, na hospitali inafanya kazi. Naye Denis Mukwege alisomea udaktari Bujumbura, akabobea Angers, Ufaransa, kisha mwaka 1989 akarudi Lemera, Kivu ya Kusini, kwa wanawake waliokuwa wanakufa wakijifungua. Alirudi akiwa Mkongo, katika nchi yake, bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Mpwa wangu hawezi kurudi hivyo. Kifungu cha 10 cha Katiba yetu ya 2006 kinasema uraia wa Kongo ni mmoja na wa pekee, haushikwi pamoja na mwingine. Kwa hiyo mtoto huyu, aliyezaliwa Kasuku, mwenye bibi Kasuku, akitaka kwenda kufanya kazi mwezi mmoja katika hospitali ya Kindu, ambako mgonjwa wa Alunguli, ng'ambo ya mto, hufika kwa kuvuka Lualaba, ataomba viza kama mtalii, na kibali cha kazi juu yake. Uraia wake wa Kanada unamfanya mgeni Marekani, na unamfanya mgeni Kongo pia. La kwanza ni haki yao Wamarekani, ni nchi yao. La pili tumejifanyia wenyewe.

Kenya iliruhusu uraia pacha katika Katiba ya 2010. Rwanda inauruhusu. Hakuna nchi kati ya hizo iliyopotea kwa sababu hiyo. Tangu Rais Tshisekedi azungumzie Katiba mpya pale Kisangani, Oktoba 2024, watu wanabishana juu ya mihula ya urais, na ugomvi huo siuingii. Lakini nawaomba wabunge wa Maniema, wa chama chochote: siku Katiba yetu itakapofunguliwa mezani, kwa sababu yoyote ile, kibadilisheni Kifungu cha 10 ili uraia pacha uruhusiwe. Watoto wa Kasuku wanaosomea udaktari nje wapo, na wengi wao wanataka kurudi kutibu.